Nyatiti isimmeze msimulizi
Makala niliyosoma inawasifu mume na mke wanaosimulia hadithi jukwaani hapa Nairobi, mke akisimulia, mume akibuni muziki papo hapo kwa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kisha inalaumu vipaza sauti eti maneno hayakusikika. Mh! Nyatiti ina nyuzi 8, na bado mpigaji hugonga mti wake kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, njuga nazo zikilia. Vyote vikienda pamoja, maneno humezwa. Mke akianza sentensi, pete inyamaze, zibaki nyuzi 2 au 3. Akivuta pumzi, muziki ujaze. Halafu Julai, msimu wa baridi, ngozi ya nyatiti hunyonya unyevu ikalegea, sauti ikashuka. Nyuzi zikazwe upya kabla ya "Paukwa!", si katikati ya hadithi.