Kabla hujasema karogwa, muulize anafanya kazi gani

Mjomba wangu kachoma dhahabu Geita zaidi ya miaka kumi, na aliporudi nyumbani ndo nikaanza kuona kikombe cha chai kinamshinda, yaani akikishika mkono mmoja chai yote kwenye kisosi, ikabidi awe anasubiri ipoe halafu anashika kwa mikono miwili. Na hasira. Mtu mpole yule akawa anagombana na watoto kwa kitu kidogo, usiku halali, jina la jirani wa miaka yote linampotea mdomoni. Wengine wakasema pombe, wengine hela ya mgodini ina masharti yake, bibi akafika mpaka kwa mganga. Hospitali alikopelekwa akapewa dawa za usingizi akaambiwa apunguze mawazo. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, mzee ulikuwa unafanya kazi gani?

Hilo ndo linaloniuma mpaka leo.

Waliokaa kwenye mialo, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, wanajua. Mchanga wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ukishaoshwa unatiwa zebaki, ile metali ya majimaji, inakamata dhahabu, unakamua kwenye kitambaa, kidonge kinachobaki unakichoma mpaka zebaki iondoke. Sasa inaondoka inaenda wapi? Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na ukiuvuta kama asilimia 80 inabaki mwilini, inaingia kwenye damu, inafika kwenye ubongo na figo. Kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi, hasira za ghafla, hizo ni dalili zake zinazojulikana siku nyingi, na nyingi ukizisikia bila kujua kazi ya mtu utasema huyu ana matatizo ya akili tu.

Na siyo kwamba hatujachunguzwa. Mwaka 2003 watafiti walikuja Rwamagasa, hapo hapo Geita, wakapima damu, mkojo na nywele za watu, wakaangalia mikono inavyotetemeka na kumbukumbu zikoje. Matokeo yakachapishwa 2010: kwa wachomaji, robo hivi walikuwa na sumu ya zebaki. Robo jamani! Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, nchi yetu Tanzania imesaini 2013 ikauridhia 2020, vizuri, ila mchomaji akiingia zahanati leo anaulizwa umri na kijiji basi.

Sisemi kila mchimbaji mwenye hasira ana zebaki, wala siwalaumu, mjomba kasomesha watoto watatu kwa dhahabu ile. Nachotaka ni swali la kazi liulizwe mapema, na kipimo cha mkojo kipatikane karibu na machimbo, maana mtu akiacha kuvuta ule mvuke mwili unaitoa zebaki taratibu kwa miezi. Ukichelewa miaka mkojo unakuja safi kabisa huku mikono bado inatetemeka, na hapo utamwambia nini daktari. Ritoti nazo ziwafikie watu, kile chombo cha chuma cha kufunika kinachokamata mvuke zebaki ikarudi ukaitumia tena, ni afya na ni hela pia.

Juzi nikamuuliza mjomba, hivi mlikuwa mnachomea wapi?

"Ndani mpwa wangu, chumbani tulipokuwa tunalala. Nje dhahabu inaonekana na watu."

Mkewe na watoto wakiwa humo humo.