Kama sina ugonjwa, sindano ni ya nini?

Juzi nimekataa sindano kwenye zahanati moja ya huku kwetu Tabata, na kwa macho niliyotazamwa nayo ungedhani nimemtukania mtu mzazi wake. Tabibu alikuwa na karatasi ya maabara mkononi. "Dada, vipimo vyako vyote viko safi. Huna ugonjwa wowote." Sijamaliza kusema alhamdulillahi, kalamu tayari inaandika diclofenac ya sindano, siku tatu mfululizo. Nikamuuliza kwa adabu zote alizonifundisha mama: kama sina ugonjwa, sindano ni ya nini? "Ya kutuliza." Kutuliza nini, kaka yangu, na hapa nimeambiwa sina kitu?

Wenzangu wa fibromialgia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyoisha, najua mmeshacheka. Mchezo huu tunaujua. Damu safi, mkojo safi, asidi ya yuriki haina neno, eksirei ya kiuno nzuri mpaka unaweza kuitundika sebuleni. Ukibahatika kupata tabibu mwenye huruma, asiyependa uondoke mikono mitupu, atakutafutia "taifodi kidogo" au UTI, maana nchi hii sijui nani amewahi kutoka maabara bila UTI. Nimemeza antibiotiki za UTI ambayo sikuwahi kuihisi, mabega yakaendelea kuwaka vilevile. Sikojoi kwa mabega.

Vipimo kuwa safi ndiyo kawaida ya ugonjwa huu. Hakuna kipimo cha damu kitakachokuonyesha fibromialgia. Vile vingine ni vya kuhakikisha si jambo jingine. Kwa vigezo vya kuutambua vya mwaka 1990 daktari alikubonyeza sehemu 18 za mwili, ukiugulia kwenye 11 umepasi. Vigezo vya 2010 vikaachana na kubonyeza, vikaleta maswali: unaumwa wapi na wapi, ni miezi mitatu au zaidi, unaamka na hali gani, kumbukumbu ikoje. Yaani mgonjwa anaulizwa, anajibu. Foleni ya zahanati haina nafasi hiyo, na hilo nalikubali kwa shingo upande: benchi la nje lilikuwa limejaa akina mama wenye watoto wa homa. Lakini muda tuliotumia kubishana juu ya sindano ulitosha kabisa kuniuliza nimelalaje.

Angeuliza ningemjibu. Ningemwambia nalala usiku kucha na kuamka hoi. Kwamba mkanda wa sidiria ukikaa begani mpaka kipindi cha tatu natamani kuukata na mkasi wa ofisini. Kwamba nikikamua shuka moja, vidole havishiki chaki siku ya pili yake. Kwamba kuna mtoto nimemfundisha tangu Kidato cha Kwanza, juzijuzi nikamnyooshea mkono ajibu swali, jina likapotea, darasa zima linasubiri na mkono wangu uko hewani. Akacheka mmoja wa nyuma, wakacheka wote, nikacheka na mimi. Ningefanyaje?

Sasa turudi kwenye hiyo diclofenac, maana ndiyo iliyonipandisha hasira. Dawa hiyo kazi yake ni kupunguza uvimbe na joto la kidonda au kiungo kilichoumia. Umeteguka mguu, sawa. Fibromialgia haina uvimbe wa kupunguza. Tatizo liko kwenye ubongo na uti wa mgongo, namna vinavyopokea habari za maumivu na kuzikuza. Ni kengele ya gari inayolia hata paka akipita. Wewe unakwenda kubadilisha tairi. Madaktari wa baridi yabisi wa Ulaya walipotoa mwongozo wao mwaka 2016 waliandika kwamba kundi hilo la dawa, diclofenac na ibuprofen zikiwamo, halijaonyesha kuushinda ugonjwa huu kuliko kidonge kisicho na dawa. Steroidi na zile dawa kali za jamii ya mofini wakazikataa moja kwa moja. Wakati huohuo diclofenac ukiizoea inatoboa tumbo, inapandisha presha, inachosha figo. Kwa hiyo hesabu yenyewe ni hii: faida hakuna, hasara ipo, na unalipia bomba la sindano na mkono wa kukuchoma.

Na bado tunachomwa, kwa sababu pande zote mbili tumekubaliana kimyakimya kwamba asiyechomwa hajatibiwa. Mama mkwe wangu, Mungu amweke, akirudi hospitali swali la kwanza anaulizwa na majirani ni "wamekuchoma?" Akisema hapana, wanamwonea huruma. Sindano ikiuma sana, ndiyo dawa imeingia. Zahanati zinajua hivyo, na mgonjwa asiye na jibu anauziwa kitu kinachofanana na jibu. Hapo ndipo ninapokasirika. Niambie "sijui unaumwa nini," nitakuheshimu na nitakwenda mbele kwa bingwa, hata kama mabingwa wa baridi yabisi nchi hii ni wa kutafuta kwa tochi. Usiniambie sina kitu, halafu ukanitoza hela ya kutibu hicho kitu.

Afadhali Babu wa Loliondo. Sitanii. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Samunge, magari kilomita na kilomita, watu wanakwenda kupata kikombe chake cha dawa cha shilingi 500. Hakikutibu, tunajua. Lakini mzee yule hakumwambia mtu huna ugonjwa, na kwa bei alikuwa chini kuliko hii zahanati ya mtaani kwetu.

Wa vipaza sauti pale stendi nao wana dawa moja inayotibu ganzi, kiuno, miguu kuwaka moto na nguvu za kiume, zote kwa kijiko kimoja. Sina la kusema. Nimesomewa pia, na kusomewa sikukatai, moyo ulitulia. Mabega yalibaki palepale.

Kuna wanaoniambia huu ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani limeyapa maumivu ya aina hii nafasi yake kwenye orodha ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022, kwenye kundi la maumivu sugu, na orodha hiyo haina ukurasa wa Wazungu peke yao. Ila nakiri, Wazungu wanaugua kwa raha kidogo. Mwanamuziki Lady Gaga, mwenzetu wa ugonjwa huu, mwaka 2018 alikatisha ziara yake ya Ulaya kwa sababu ya maumivu, dunia ikampa pole. Mimi nikikosa vipindi viwili naandikiwa barua ya kujieleza, na pole ninayopewa ni "mbona umenawiri?" Nimenawiri kwa sababu napaka mafuta. Wagonjwa wengi tunaojulikana ni wanawake, na mwanamke akisema anaumwa mwili mzima, jibu liko tayari tangu enzi za bibi: anadeka, au anakwepa jiko.

Kilichonisaidia? Kidogo, na hakina mbwembwe. Daktari mmoja mama, mtu mzima, aliyekaa akanisikiliza, aliniandikia amitriptyline, miligramu 10 usiku. Kijana wa duka la dawa akaigeuzageuza ile karatasi: "Mama, hii si dawa ya Mirembe, kwa wagonjwa wa akili?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, na ukichelewa kunipa utaona. Ni kweli kwa dozi kubwa ni dawa ya sonona. Kwa dozi ndogo inanipa usingizi wenye manufaa, na nikilala vizuri maumivu yanashuka kiasi cha kuvumilika. Kinywa kinakauka, asubuhi nakuwa mzito. Pregabalin nayo wengine inawafaa. Mimi ilinizungusha kichwa na kuninenepesha, nikaiacha kwa ushauri wa daktari.

Na mazoezi. Haya, nimesema. Kwenye mwongozo ule wa Ulaya, mazoezi ndicho kitu pekee kilichopendekezwa kwa nguvu zote, na mimi nilichukia kusoma hivyo, kwa sababu aliyenitangulia kuniambia ni shemeji yangu ambaye hajawahi kuumwa hata jino, na yeye alimaanisha "acha uvivu". Si kitu kimoja. Kuanza kwenyewe kunauma, ukizidisha siku moja unalala mbili. Natembea jioni polepole hadi barabara kuu na kurudi, kidogo kidogo, wiki za kuumwa sana nafupisha. Kunasaidia. Shemeji asionyeshwe makala hii.

Mnaotaka kuniandikia kuhusu mlonge, nimekunywa. Tangawizi na manjano pia, mpaka kanga zangu zote zina madoa. Mkiwa na moyo wa kusaidia kweli, darasa langu liko ghorofa ya pili na madaftari ya Kidato cha Tatu ni mikondo minne. Njooni mbebe.