TN kwa mkandarasi: kinachokatazwa na kisichokatazwa

Wahandisi na wahasibu wa asili ya Afrika Mashariki waliopata uraia wa Kanada (ukaazi wa kudumu hautoshi) huambiwa kwamba TN, kibali cha wataalamu cha kufanya kazi Marekani chini ya USMCA (mkataba wa biashara wa Marekani, Meksiko na Kanada), ni cha mwajiriwa peke yake. Hofu hiyo ina chanzo: kanuni za Marekani zinamkataza mwenye TN kujiajiri. Ila kanuni hizo hizo zinaeleza kujiajiri ni nini: kufungua biashara yako huko, au kuitumikia kampuni ambayo wewe ndiye mwenye hisa zote au mwenye kauli ya mwisho. Mhandisi wa Toronto mwenye mkataba wa miezi 18 na kiwanda cha Detroit asichokimiliki hayumo humo. Anastahili kusikilizwa.

Kinachowakwamisha wengi mpakani ni barua ya mteja. Itaje fani iliyomo kwenye orodha ya mkataba, shughuli utakazofanya, elimu yako, malipo, na muda usiozidi miaka 3. "Mshauri wa teknolojia" haimo kwenye orodha. "Mchambuzi wa mifumo ya kompyuta" imo. Na barua isiseme utahudumia "wateja mbalimbali". Kila mteja anahitaji idhini yake, na ya mteja wa pili huombwa kabla hujamgusia kazi.

Wanaotetea ajira wana hoja nzito moja, nayo ni pesa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 7.65 kwa ajili ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee), na mwajiri hulipa kiasi hicho hicho. Mkandarasi wa fomu 1099 (fomu ya malipo kwa asiye mwajiriwa) aliyehamia Marekani hubeba pande zote mbili, asilimia 15.3. Chukua dola 60 kwa saa, saa 2,000 kwa mwaka: dola 120,000. Kodi hukokotolewa kwenye asilimia 92.35 ya faida, kwa hiyo asipokuwa na gharama za kupunguza atadaiwa takriban dola 16,955. Mwajiriwa angekatwa 9,180. Pengo ni dola 7,775, karibu dola 4 kwa kila saa aliyofanya kazi. Juu yake kuna bima ya afya ya kujinunulia, likizo isiyolipwa, na malipo ya kodi mara nne kwa mwaka: Aprili, Juni, Septemba na Januari. Ukiyaruka, utapigwa faini.

Lakini gharama unayoijua mapema unaiweka kwenye bei. Nusu ya kodi hiyo hupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, na vifaa na safari za kazi hupunguzwa pia, nafuu ambayo kwa kawaida mwajiriwa haipati kwenye kodi ya serikali kuu. Anayelala Windsor, upande wa Kanada, na kuvuka kwenda Detroit kila asubuhi, makubaliano ya nchi hizo mbili humweka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kanada. Anayeumia ni yule anayekubali dola 60 zile zile alizokuwa akipata kwenye ajira, kisha lawama zote zinaangukia kibali.

Ninachokiogopa mimi ni kingine: mteja anayekupangia saa za kuingia na kutoka, anakupa kompyuta yake, anakusimamia kila hatua, halafu anakulipa kwa 1099 ili akwepe nusu yake. Kwa mamlaka ya kodi, IRS, wewe ni mwajiriwa wake. Fomu SS-8 inakuruhusu kuiomba IRS iamue hadhi yako, na haina ada.