Banzi la Njiti ya Kiberiti

Ijumaa ile nilikuwa nimeshaoga na kuvaa kanzu yangu nyeupe, nimebakisha kofia tu, nilipomkuta ndege amelala kifudifudi chini ya mnazi uani kwetu, hapa Pangani. Usiku upepo ulivuma hasa, makuti yametapakaa kila mahali. Ndege mwenyewe wa rangi ya majivu na vumbi, koo limepauka kidogo, mabawa marefu membamba yamepinda kama mundu, mkia umechongoka kama sindano ya kushonea magunia. Akajaribu kwenda, akawa anajiburuta kwa tumbo.

"Mbayuwayu," nikamwambia mke wangu kwa sauti yangu ya darasani. "Amevunjika miguu."

"Yote miwili?"

"Yote miwili."

Mimi ni mwalimu wa sayansi, mwaka wa 11 huu. Naomba mlishike hilo.

Nikaingia jikoni, nikatoka na uzi, kiberiti na punje za wali kwenye kisosi. Miguu nikaitafuta manyoyani hadi nikaiona: mifupi ajabu, kama iliyokumbukwa dakika ya mwisho. Njiti moja ya kiberiti ikawa ndefu kuliko mgonjwa alivyohitaji, ikabidi niikate vipande vinne. Nikamfunga banzi mguu wa kulia. Wali akaukataa. Dagaa akamkataa. Nikamweka kwenye kamba ya kuanikia nguo apumzike kama mbayuwayu wenzake, akaporomoka puu! Nikamrudisha. Puu tena.

Binti yangu wa darasa la tatu akauliza, "Baba, unamtibu au unamwadhibu?"

Kabla sijajibu, sauti nzito ikatoka juu mbinguni: "Mfungue huyo!"

Siku ya Ijumaa, nami nimevaa kanzu. Sitawaficha, magoti yalilegea. Kumbe ni mgema, yuko kileleni mwa mnazi wa jirani, kibuyu kiunoni. Alikuwa ameitazama hospitali yangu tangu mwanzo.

Akashuka anacheka. "Mwalimu, huyu si mbayuwayu, ni teleka. Hakuvunjika kitu, miguu yake ndiyo hiyo aliyopewa. Umewahi kumwona ametua kwenye waya?"

Nikasema sikumbuki.

"Hutamwona. Huyu anakula wadudu angani, maji anayachota juu ya mto bila kusimama. Akitaka kupumzika ananing'inia kwenye kuti, kichwa juu, kama mimi nikichoka kule kileleni."

Akaokota kuti kavu, akaligeuza. Upande wa ndani palibandikwa kitu kama kipande cha pamba kilichochanganyika na manyoya, hakijai kiganja. Ndicho kiota, na gundi yake ni mate ya ndege mwenyewe. Hata mayai, mawili kwa kawaida, huyabandika kwa mate hayohayo, la sivyo kuti likipeperuka tu yamekwenda. "Nilipokuwa kijana sikuamini," akasema mgema, "nikaligusa moja kwa kidole. Halisogei!" Na anayalalia amesimama wima, ameshika ukingo wa kiota kwa kucha.

Mke wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia banzi.

Tukamfungua. Mgema akaeleza kwamba teleka akifika chini kunyanyuka ni kazi. Mtu amuinue juu kiganjani, apate nafasi ya kushika upepo. Nikapindua kinu, nikapanda, nikanyoosha mkono kama mtu anayeapa. Ndege akageuka, akaangalia kiganja, akaangalia mkono wa kanzu. Pana giza mle, pana kitambaa kinachoning'inia. Akaingia.

Zile kucha ni ndoana, ndugu zangu. Alikwea kutoka kifundo cha mkono hadi kwapani bila kuteleza hata mara moja, nami juu ya kinu nikacheza ngoma ambayo kwetu bado haijapewa jina. Kinu kikaenda huku, mimi nikaenda kule. Nilipotua mchangani kwa makalio, teleka akachomoza kwenye ukosi wa kanzu, akajitupa, akapiga mabawa na kupanda hadi juu ya minazi, walikokuwa wenzake wakipiga vikelele vyembamba.

Baadaye nikasoma kwamba anapatikana kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini, popote penye minazi, mivumo au mikoche, hata mijini siku hizi, maana watu wameipanda mitende ya mapambo kando ya barabara. Bara zima hilo, naye akaichagua kwapa yangu.

Muda wa kubadili kanzu haukuwapo. Mke wangu akanikung'uta mchanga, nikakimbilia msikitini nikichechemea. Rakaa ya kwanza, kitu kikatembea shingoni kwangu. Kikatembea upande upande, kama kaa. Ndege wa jamii hii hubeba inzi bapa wanyonya damu. Teleka alikuwa amekwenda, mpangaji wake akabaki kwangu. Niliposujudu akahamia nyuma ya sikio. Niliposimama akashuka ukosini. Sikujikuna, Mungu shahidi.

Tulipotoa salamu kulia nikamwona yuko begani kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, anapanda taratibu kuelekea kwenye kofia.

Nikageuka kutoa salamu kushoto.