Kabla ya kununua mashine ya kupulizia rangi, tazama upepo

Minada ya korosho ikishaanza, mwezi wa kumi kwenda wa kumi na moja, simu yangu haipumziki. Nyumba zilizokaa na lipu tupu mwaka mzima zinataka rangi kabla mvua hazijashika. Zamani watu waliniuliza ndoo ngapi zitatosha. Sasa vijana wa Chikongola na Magomeni, hapa Mtwara, wanauliza, "Fundi, ninunue mashine gani ya kupulizia?"

Msimamo wangu ni huu: ndani ya nyumba nunua pampu isiyotumia hewa, na nje endelea na rola. Najua wengi wanafanya kinyume, kwa sababu ukuta wa nje ndio mkubwa na ndio unaochosha. Lakini nje ya nyumba za Mtwara kuna kusi, upepo utokao kusini.

Mwaka mmoja, mwezi wa nane, nilipulizia ukuta wa nje Shangani, si mbali na bahari. Nilianza mapema, kazi ikanoga, nikapitiliza hadi saa tano. Kusi lilikuwa limeshaamka. Ukungu wa rangi ukavuka ua, ukatua kwenye nguo za jirani zilizoanikwa na kwenye sola yake juu ya bati. Yule mama hakunipigia kelele, alikuja tu akasimama akitazama nguo zake, na hilo ndilo lililoniuma. Nguo nilizilipa, na sola niliisafisha siku mbili kwa kitambaa laini. Wakulima wetu wa korosho wanalijua jambo hili kuliko sisi mafundi rangi: salfa wanaipuliza alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umelala. Ukilazimika kupulizia nje, fuata saa zao. Jua likipanda, weka bunduki ya rangi chini.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe. Kompresa na bunduki ya kawaida, kama za wapaka magari, hupasua rangi kwa nguvu ya hewa. Hewa hiyo ikigonga ukuta hurudi na rangi, na sehemu kubwa ya ulichonunua huishia sakafuni na kifuani mwako. Kwa kuta za nyumba siipendekezi kabisa. Ile ya hewa nyingi yenye shinikizo dogo ni nyingine: kwenye mdomo wake hewa haizidi psi 10 (psi ni kipimo cha shinikizo), kwa hiyo rangi hutua kwa upole. Hiyo ni nzuri mno kwa milango, makabati na grili za madirisha. Ila haitaki rangi nzito. Ukitaka kumaliza nayo sebule utaichanganya rangi na maji mpaka iwe maziwa, na miezi michache baadaye mwenye nyumba akiegemea ukuta ataondoka na unga mgongoni.

Pampu isiyotumia hewa husukuma rangi yenyewe kupitia tundu dogo sana, kwa shinikizo linaloweza kufika psi 3,000. Rangi ya maji inapita ikiwa nzito vilevile ilivyotoka kwenye ndoo, au kwa maji kidogo tu. Chumba kipya, jipsamu juu, hakuna samani wala madirisha ya vioo bado: hapo mashine hii haina mpinzani. Kwenye lipu ya mchanga, mwenzako apite na rola nyuma yako rangi ikiwa mbichi, iingie kwenye vitundu.

Dukani utaonyeshwa nguvu ya mota. Wewe uliza nozeli, yaani kidomo chenye tundu la kutolea rangi, kubwa kabisa ambayo mashine inaimudu. Namba za nozeli zinasomeka hivi: kwenye 517, zidisha ile 5 kwa mbili, unapata inchi 10, upana wa mfyatuko ukishika bunduki kama sentimita 30 kutoka ukutani; 17 ni upana wa tundu, sehemu 17 ukiigawa inchi moja mara elfu. Rangi ya maji ya ukutani inataka karibu na hapo. Mashine inayoishia tundu la 13 itakuhangaisha kwenye kila ndoo, hata ikiwa yenyewe inang'aa na bei yake inavutia. Waya wa kuunganishia umeme nao uwe mnene. Waya mwembamba wa mita 30 hufanya mota ingurume bila kusukuma, kisha iungue.

Na jambo hili naliomba kwa dhati: usiweke kidole mbele ya nozeli, hata kuifuta. Shinikizo lile huingiza rangi ndani ya nyama. Kwa nje utaona kitundu kama cha sindano, bila damu nyingi, na utadhani si kitu. Usisubiri kivimbe, nenda hospitali ya Ligula saa hiyohiyo na uwaambie ni rangi gani.

Grili na kuta zinazotazama bahari zioshwe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, zikauke. Juu ya chumvi hakuna mashine itakayokusaidia.

Nyumba za kale za Mikindani, zile za mawe ya matumbawe, naziweka kando. Kuta zile zinapumua, na rangi ya plastiki huzifungia unyevu ndani mpaka lipu ibanduke. Zinataka chokaa. Nayo chokaa ndiyo iliyozaa kazi hii ya kupulizia: mwaka 1887, Chicago, Joseph Binks alibuni pampu ya mkono ya kupulizia chokaa kwenye kuta za ghala la chini la duka la Marshall Field. Kwa hiyo kwa nyumba hizo sikuuzii mashine ya bei. Chuja chokaa mara mbili kwa kitambaa, itie kwenye bomba la mgongoni ambalo halijawahi kubeba dawa ya shambani, lowesha ukuta, kisha anza upande wenye kivuli.