Wamenipigia Tena Kuniuliza Nitampa Nani

Dagaa wameungua. Dagaa wa Kigoma, waliosafiri ndani ya begi la mtu kutoka Dar mpaka hapa Allentown, Pennsylvania, wameungua kwa sababu dada mmoja mwenye sauti ya upole aliniomba dakika kumi za utafiti wa uchaguzi wa rais wa Marekani wa 2024. Zikawa kumi na nane. Nimetoka zamu ghalani, nina njaa, na hii ni simu ya tatu mwezi huu.

Hakuanza na Harris wala Trump. Alianza kunipima mimi. Umejiandikisha? Unapajua watu wa mtaa wako wanapopigia kura? Ulipiga mara iliyopita? Kuanzia moja mpaka kumi, una uhakika gani kwamba utakwenda? Maswali hayo ni chujio. Wanataka wale wanaotarajiwa kwenda kituoni kweli, siyo wa mdomo tu, na ukionekana wa mdomo jibu lako linawekwa pembeni. Nikacheka peke yangu. Chujio hilo tungelipeleka kwenye mikutano yetu ya kampeni, wangapi wangebaki baada ya kugawiwa fulana na bendi kushuka jukwaani?

Na tusichanganye maneno. Kwetu ukisema "kura za maoni" mtu anawaza wajumbe wa chama wanaochuja wagombea, na wajumbe tunawajua. Ninachosema hapa ni mtu baki kukupigia na kukuuliza utampa nani, wewe ukamjibu, kesho yake namba zikatoka, keshokutwa zikatoka nyingine. Wengine hutoa kila siku: wanaingiza majibu ya leo, wanatupa ya siku ya zamani zaidi, wanapiga wastani. Jamaa mmoja kazini anazifungua kila mapumziko kama mtu mwenye mkeka wa kubeti. Mgombea wake akipanda pointi moja anatununulia kahawa, akishuka pointi moja haongei na mtu, wakati kiwango cha makosa chenyewe, yaani namba inavyoweza kupotoka juu au chini, ni pointi tatu! Ujinga mtupu, na ninausema nikiwa hapa hapa.

Lakini nausema kwa sauti, ndiyo hoja yangu.

Agosti 2015, kampeni za urais kwetu Tanzania, nilikuwa Jangwani kwenye mkutano wa Lowassa. Mafuriko ya watu, mnakumbuka. Mwezi uliofuata shirika la Twaweza wakaja na utafiti wao: Magufuli wa CCM asilimia 65, Lowassa wa upinzani 25. Kijiweni tuliwatukana mpaka kahawa ikapoa. Wamenunuliwa! Wamempigia nani, mbona mimi sijapigiwa? Matokeo yalipotangazwa yakawa 58.46 kwa 39.97. Najua, najua, usinianze na goli la mkono, yaani habari za kuibiwa kura, hilo nami ninalo moyoni. Ninachosema ni kwamba kipimo chetu sisi kilikuwa nyomi, umati wa mkutanoni, na nyomi haina kiwango cha makosa. Unapanda juu ya gari, unapiga picha, umeshinda.

Halafu Julai 2018. Twaweza hao hao wakasema wanaoridhika na kazi ya rais wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 mpaka 55. Mnajua kilichofuata: barua ya COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, ikiulizia kibali cha utafiti, mkurugenzi wao akachukuliwa hati ya kusafiria. Na wengine wetu tuliowatukana 2015 tukawa tunawatetea, bila hata aibu.

Sasa nawasikia. "Kapata karatasi za uraia juzi, leo anatufundisha demokrasia." Sifundishi. "Hao Wamarekani wako wenyewe wanakosea." Wanakosea sana! Oktoba 2012 Gallup, kampuni ya utafiti wa maoni, kwenye hesabu yao ya kila siku, walimweka Romney 52 na Obama 45 kwa wanaotarajiwa kupiga kura. Obama akashinda kwa karibu pointi nne. Mwaka 2016 kulikuwa na utafiti wa kila siku wa chuo kikuu cha USC na gazeti la Los Angeles Times, ambamo kijana mmoja mweusi wa miaka 19 wa Illinois alipewa uzito wa watu thelathini, kwa sababu vijana kama yeye walikuwa wachache kwenye sampuli. Naye alikuwa wa Trump. Akijibu, namba za taifa zima zinayumba.

Mjadala wa kijana huyo ndio ulionikalia kichwani. Waandishi walimgundua kwa sababu takwimu zenyewe ziliwekwa wazi, kila mjibuji na uzito wake, bila jina. Watu wakabishana juu ya hesabu. Sikusikia anayeuliza kibali. Gallup nao walijichunguza hadharani, na mwaka 2015 wakasema mbio za kuwania uteuzi wa vyama kwa urais wa 2016 hawatazihesabu, na za uchaguzi mkuu wenyewe hawakuahidi. Kukosea mbele ya watu, ukaulizwa, ukajibu: hicho ndicho ninachokionea wivu. Ghala hili, baridi hii, dagaa wa kuungua, vyote mnaweza kuvichukua.

Usiku nikampigia mama, Morogoro kukiwa kunapambazuka. Nao tarehe 27 Novemba 2024 walikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Nikamsimulia simu ile, nikidhani atacheka habari ya dagaa.

"Akakuuliza utampa nani?"

"Ndiyo mama."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia."

Kimya. Nikasikia jogoo wa jirani.

"Mwanangu, na namba yako anayo?"

"Mama, si ndiyo aliyonipigia."

Akaguna. Akaniuliza kama nimekula. Kisha, kabla ya kukata, akashusha sauti kama vile kuna mtu dirishani: "Akipiga tena mwambie hujaamua."