Carter aliyesoma kila karatasi, Reagan aliyesoma kadi

Januari 9, 2025, marais watano walikaa safu za mbele katika Kanisa Kuu la Kitaifa jijini Washington kumuaga Jimmy Carter, aliyefariki Desemba 29, 2024 akiwa na umri wa miaka 100. Hotuba moja ya kumuaga iliandikwa na Gerald Ford, mtu ambaye Carter alimwangusha katika uchaguzi wa 1976. Ford mwenyewe alifariki mwaka 2006, hivyo aliyeisoma ni mwanawe. Lakini kauli iliyobaki masikioni ilitoka kwa Stuart Eizenstat, aliyekuwa mshauri wa Carter wa sera za ndani: kwamba huenda bosi wake hastahili kuchongwa kwenye Mlima Rushmore pamoja na marais wanne ambao nyuso zao zimechongwa pale, ila mahali pake ni vilima vilivyo chini yake.

Kwetu marehemu hasemwi vibaya, na Wamarekani nao siku ya mazishi hawako mbali na sisi. Ila tangu siku ile imezidi kushika kasi hoja kwamba Carter alionewa: alikuwa mwadilifu, msomi, mtu wa kuona mbali, na wananchi wakamtupa ili wamchukue mwigizaji wa filamu mwenye tabasamu. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Nusu ya pili inasahau kwamba urais ni kazi, na kazi ina namna yake ya kufanywa.

Tumtazame Carter akiwa kazini. Alikuwa afisa wa jeshi la majini katika mradi wa manowari za nyuklia chini ya Admirali Rickover, kisha mkulima wa karanga, kisha gavana wa Georgia. Aliingia Ikulu Januari 1977 akiamini kwamba tatizo lolote lina jibu sahihi, na kwamba jibu hilo hupatikana kwa kusoma faili hadi mwisho. Kwa miaka miwili na nusu hakuwa na mnadhimu mkuu wa Ikulu. Kila mshauri alikuwa na mlango wake wa kuingilia, na milango yote ilifika mezani kwa Rais. Mwandishi wake wa hotuba wa zamani, James Fallows, aliandika mwaka 1979 kwamba hata maombi ya kutumia uwanja wa tenisi wa Ikulu yalipitia kwa Carter. Carter alikana, lakini kisa kimedumu kwa sababu kila aliyemjua aliona kinamfanana.

Bungeni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Februari 1977, hata miezi miwili haijaisha madarakani, alitangaza kuifyeka miradi 19 ya mabwawa na maji ambayo aliiona ni ubadhirifu. Kwa hesabu za kiuchumi alikuwa na hoja nzuri. Tatizo ni kwamba kila bwawa lilikuwa na mbunge wake, wengi wao wa chama chake mwenyewe, na wengi walizisikia habari hizo kama mwananchi wa kawaida. Spika Tip O'Neill, Mdemokrati mwenzake, alikuwa na kinyongo chake tangu sherehe za kuapishwa, pale familia yake ilipopewa viti vya nyuma kabisa. Kiti ni kitu kidogo. Lakini kwa mwanasiasa wa Boston aliyelelewa kwenye siasa za kushikana mikono na kukumbukana, kiti ni ujumbe.

Hata hivyo kuna mahali ambapo mtindo huu huu ulizaa tunda ambalo hakuna rais mwingine aliyewahi kulichuma. Septemba 1978 Carter aliwafungia Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israeli huko Camp David, makazi ya mapumziko ya marais, kwa siku 13. Baada ya siku chache za mwanzo wageni wake hawakuweza tena kukaa chumba kimoja bila kugombana, kwa hiyo Carter akawa ndiye anayekwenda nyumba hadi nyumba na rasimu mkononi. Nyingine aliziandika kwa mkono wake, na zilifika zaidi ya 20. Alizijua njia za jangwa la Sinai na makazi ya walowezi kwa majina. Siku ya mwisho Begin alikuwa amekwisha kukataa kutia saini, yuko tayari kurudi kwao. Carter akamletea picha ambazo Begin aliomba zisainiwe kwa ajili ya wajukuu zake. Badala ya saini tu, Carter alikuwa amepata jina la kila mjukuu na kuandika moja moja juu ya kila picha. Begin alizisoma moja baada ya nyingine, midomo ikimtetemeka, na mazungumzo yakafufuka. Mkataba wa amani ulisainiwa Machi 1979 na mpaka leo haujavunjwa.

Rais anayependa muhtasari wa ukurasa mmoja asingeweza kuifanya kazi ile. Nalisema hili mapema kwa sababu wachambuzi wengi husema Carter alishindwa kwa kuzama kwenye mambo madogo, kana kwamba kuzama ni kosa daima. Camp David ilikuwa ni mambo madogo matupu.

Kilichomshinda ni kingine, na alikitaja mwenyewe. Kiangazi cha 1979 foleni za petroli zilikuwa ndefu, bei zinapanda, na kura ya maoni ya Gallup ilimpa asilimia 28. Alijifungia tena Camp David, safari hii siku kumi, akawaita magavana, viongozi wa dini, wafanyabiashara na watu wa kawaida wamweleze anakosea wapi, naye akiandika. Julai 15 akatokea kwenye televisheni na kuwasomea wananchi lawama alizopewa. Ya kwanza ilitoka kwa gavana mmoja wa kusini: Mheshimiwa Rais, huliongozi taifa hili, unaisimamia serikali tu.

Sijui rais mwingine aliyewahi kusimama akasoma hukumu yake mwenyewe kwa sauti namna ile. Na wananchi hawakuchukia. Simu na barua zilimiminika, umaarufu wake ukapanda. Siku mbili baadaye akaliomba baraza lake lote la mawaziri liandike barua za kujiuzulu, na watano wakaondoka. Nchi iliyokuwa imeanza kumsikiliza ikaona serikali inaporomoka, na kile alichokipata Jumapili kikawa kimeyeyuka kabla ya wiki kwisha.

Ronald Reagan alikuwa kinyume chake karibu kwa kila kitu. Alikuwa na imani chache alizozishika kwa miongo: kodi zipungue, serikali ipunguzwe, Usovieti ibanwe. Mengine aliwaachia wasaidizi. Alikwenda mikutanoni na kadi zenye vidokezo vya kusema. Mwanzoni mwa 1985 mnadhimu mkuu wake, James Baker, na waziri wake wa fedha, Donald Regan, waliafikiana wenyewe kwa wenyewe kubadilishana vyeo, kisha wakampelekea Rais. Aliwasikiliza, akakubali, bila maswali ya maana. Hivyo ndivyo nafasi mbili kati ya zile nzito zaidi serikalini zilivyobadilishwa.

Kwa miaka minne ya kwanza mtindo huo ulimfaa kwa sababu Baker alikuwa fundi wa siasa, na Reagan mwenyewe alijua kupiga simu. Mwaka 1981 alipitisha punguzo kubwa la kodi ilhali Baraza la Wawakilishi lilikuwa mikononi mwa Wademokrati, chini ya O'Neill yule yule aliyekuwa na kinyongo na Carter. Mwaka 1983 yeye na O'Neill waliuokoa mfuko wa hifadhi ya jamii kwa makubaliano ambayo kila upande uliumia kidogo. Mcheza kwao hutunzwa, na Reagan alicheza kwao kweli kweli. Aliwajua Wamarekani wanataka kujisikiaje, akawapa.

Baada ya Baker kuondoka, ubaya wa mtindo ukajionyesha. Maofisa wa Baraza la Usalama la Taifa waliiuzia Iran silaha kwa siri ili mateka wa Kimarekani walioko Lebanon waachiwe, na sehemu ya fedha wakaipeleka kwa waasi wa Contra huko Nicaragua, jambo ambalo Bunge lilikuwa limelikataza kwa sheria. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tume ya Tower iliyochunguza kashfa hiyo iliweka kidole kwenye mtindo wenyewe wa uongozi: Rais aliwaachia watu kazi bila kuwafuatilia. Machi 4, 1987 Reagan aliwaambia wananchi kwamba moyo wake bado unamwambia hakubadilishana silaha kwa mateka, lakini ukweli na ushahidi vinamwambia alifanya hivyo. Ni sentensi ya ajabu. Carter asingeweza kuitamka, kwa sababu Carter angekuwa ameisoma faili.

Sasa hukumu inatolewaje? Chukua mfumuko wa bei, mzigo uliomzamisha Carter. Machi 1980 ulikaribia asilimia 15 kwa mwaka. Kufikia 1983 ulikuwa kama asilimia 3. Wengi humsifu Reagan. Lakini aliyeuvunja ni Paul Volcker, gavana wa Benki Kuu, na aliyemteua Volcker ni Carter, kiangazi kile kile cha 1979. Carter alimteua mtu atakayepandisha riba katika mwaka wa uchaguzi, na hakumzuia alipoipandisha. Reagan naye ana sifa yake hapa, isichukuliwe kirahisi: dawa ya Volcker ilileta mdororo mkali, ukosefu wa ajira ukafika asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982, chama chake kikalia, naye hakumgusa. Mwaka 1983 akamteua tena. Januari mwaka huo Gallup ilimpa asilimia 35. Novemba 1984 alishinda majimbo 49 kati ya 50. Mtu ni yule yule na kadi zake zile zile. Uchumi ndio uliogeuka.

Kwa Carter gurudumu lilizunguka upande wa pili. Wairani walipouteka ubalozi wa Marekani Novemba 4, 1979, umaarufu wake ulipanda kwanza, ukafika asilimia 58 Januari, kwa kuwa watu humkusanyikia kiongozi wao wakati wa hatari. Miezi ikapita. Aprili 1980 jaribio la kuwaokoa mateka likafia jangwani pamoja na wanajeshi wanane. Mateka 52 waliachiwa wote wakiwa hai baada ya siku 444, dakika chache baada ya Reagan kula kiapo. Subira ile ile iliyoitwa hekima Januari iliitwa udhaifu Oktoba.

Wanahistoria hudai kwamba wao wanasubiri vumbi litulie. Uchunguzi wao unaojulikana zaidi, ule wa televisheni ya C-SPAN, ulikuwa umefanyika mara nne kufikia 2021, na hutoa alama kwa vigezo kumi, vikiwemo ushawishi kwa umma, uongozi wakati wa janga, mahusiano na Bunge, na kutafuta haki sawa kwa wote. Reagan alikuwa wa 11 mwaka 2000, na wa 9 mwaka 2021. Carter alianza wa 22, akashuka hadi 26. Angalia: alishuka, wakati huo huo akiwa amepata Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2002 na heshima dunia nzima. Hapo nawapongeza wataalamu, wamekataa kumlipa rais mshahara wa mstaafu. Lakini kura zao pia huhama na majira. Eisenhower, aliyeonekana mzee wa gofu na kuwekwa kundi la wastani mwaka 1962, alikuwa wa 5 mwaka 2021. Andrew Jackson ameporomoka kutoka 13 hadi 22, maana wenyeji wa asili wa Amerika aliowafukuza kwenye ardhi zao sasa wanahesabiwa.

Ukihamia bara letu, mizani inabadilika tena. Mwalimu Nyerere alipokelewa na Carter Washington Agosti 1977, na mwaka 1979 Carter alikataa kuiondolea vikwazo Rhodesia chini ya Waziri Mkuu Muzorewa, msimamo uliosaidia kufika mazungumzo ya Lancaster House na uhuru wa Zimbabwe. Reagan aliupigia kura ya turufu muswada wa vikwazo dhidi ya makaburu mwaka 1986, na Bunge, wakiwemo wengi wa chama chake, likaitengua kura hiyo. Mwaka huo huo alimkaribisha Ikulu Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA wa Angola. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Luanda hayo yana uzito kuliko punguzo lolote la kodi. Ila tusimfanye Carter malaika: Mei 1978 ndege za Marekani zilisaidia kusafirisha majeshi ya Ubelgiji na Ufaransa kwenda Shaba, jimbo la Zaire, na aliyeokolewa ni Rais Mobutu.

Kuhusu mnyoo wa Guinea, ambao Carter alipambana nao baada ya kuondoka Ikulu, uliokuwa ukiwatesa watu takriban milioni 3.5 mwaka 1986 na sasa huwapata chini ya 20 kwa mwaka, hilo ni tendo kubwa kuliko mengi yanayofanywa na marais. Kenya na Uganda zimethibitishwa kuwa huru na ugonjwa huo. Lakini ile ilikuwa kazi isiyohitaji kumbembeleza mwenyekiti wa kamati ya Seneti, na Carter aliimudu kwa sababu hiyo hiyo.

Walter Mondale, makamu wake, aliufupisha utawala wao kwa maneno yaliyokaririwa tena kwenye mazishi: tulisema kweli, tulitii sheria, tulidumisha amani. Utawala wa Reagan hauwezi kuapa kwa mambo mawili ya kwanza, wala familia za wanajeshi 241 waliouawa Beirut Oktoba 1983 hazitakubali la tatu. Pamoja na hayo bado ningemweka Reagan mbele ya Carter, kwa sababu alijua kazi yake ni kuwashawishi watu wasiomtii, na mwaka 1987 aliutumia ujuzi huo kusaini na Gorbachev, kiongozi wa Usovieti, mkataba ulioteketeza aina nzima ya makombora ya nyuklia. Lakini pengo la nafasi 17 kati yao limejengwa na sauti nzuri kuliko matendo. Nikipewa kalamu ya C-SPAN, Reagan namteremsha hadi kama ya 14, kwa sababu ya Iran na Contra na kwa deni la taifa lililokaribia kuongezeka mara tatu, na Carter nampandisha hadi 20, kwa sababu ya Sinai na Volcker. Zaidi ya hapo simpi, kwa sababu ya wiki ile ya Julai.